Nilivyoandika Nchi ya Ng'ombe wa Chuma

Kwa miaka saba ya ujana wangu nilikuwa na kazi mbili katika ofisi moja. Ya kwanza iliandikwa kwenye barua yangu ya ajira: mpiga chapa. Ya pili haikuandikwa popote, na nilipojaribu kumweleza mama, alinitazama kama mtu anayetajiwa ugonjwa asioujua. Nilikuwa natunga michezo ya kompyuta. Nilibuni nchi zisizokuwepo, wafalme wake, mito yake na viumbe wake, halafu mtu akakaa mbele ya mashine na kuingia humo, akijichagulia mwenyewe njia ya kupita.

"Na akipotea?" mama aliuliza.

"Anaanza upya."

Mama akaendelea kumenya ndizi. "Heri yake," alisema.

Kwetu ni Mabira, huko Kyerwa. Siku hizo Kyerwa yote ilikuwa bado ndani ya wilaya ya Karagwe. Baba alitoka Rwanda akiwa kijana, kabla sijazaliwa, akapata kibanja cha migomba na mibuni, na ng'ombe wachache aliowachunga kwenye rweya, yale majani yasiyo na mti yanayoanza pale mashamba yanapoishia. Nyumbani tulisema Kinyambo. Baba akikasirika alirudi kwenye Kinyarwanda chake. Kiswahili tulikikuta shuleni.

Mwishoni mwa mwaka 1978, vita vilipoingia mkoani kwetu, kaka yangu alikuwa na miaka kumi na tisa na mimi minane. Alikuwa amejiandikisha mgambo. Aliondoka asubuhi na vijana wengine wanne wa kijiji, kwa miguu, kwenda kulisubiri lori. Baba alimsindikiza mpaka mwisho wa rweya. Alirudi peke yake, akashika jembe, akalima mpaka jua likatua.

Barua ilikuja moja. Kaka alisema ni mzima, viatu vinambana, na mimi nisimwache yule mtamba mwekundu aingie kwenye mafunjo maana atazama. Mtamba yule alikuwa wake. Baba alimpa siku alipopata kipaimara.

Vita vikaisha. Watu wakarudi, na wale wanne wakarudi. Mmoja alisema alimwona kaka akivuka daraja. Mwingine alisema hapana, kaka aliachwa nyuma akiumwa homa, akapakiwa kwenye gari na hakuonekana tena. Baba alikwenda wilayani mara tatu kuuliza, na mara zote aliambiwa asubiri, majina bado yanatafutwa. Mama alitaka tukae msiba. Alitaka kulia, wanawake waje, mkeka utandikwe, mchungaji wa kanisa aombe. Baba alikataa.

"Mtu hamlilii aliye safarini," alisema.

Basi hatukulia. Badala yake baba aliendelea kumtunzia kaka mifugo yake. Yule mtamba alipozaa, baba alisema, "Huyu wa kaka yako." Ndama wa ndama naye akawa wa kaka. Hakuuza hata mmoja kati yao, hata mwaka wa ukame tulipouza wa kwake mwenyewe. Nilipomaliza sekondari, kaka yangu ambaye hakuna aliyejua alipo alikuwa na ng'ombe tisa.

Kutunga nilikoanzia ni hospitali. Nilipokuwa darasa la sita mfupa wa mguu wangu ulifanya usaha, nikalazwa Nyakahanga miezi minne. Wodi ya wanawake ilikuwa ndefu, yenye vitanda pande mbili, na mchana baada ya dawa hapakuwa na la kufanya isipokuwa kusikiliza migomba ikipigwa na upepo nje. Nikaanza kuwasimulia wenzangu hadithi ya msichana aliyeteremka kwenye ufalme ulio chini ya chemchemi ya maji ya moto. Niliitunga palepale, sentensi baada ya sentensi.

Kitanda cha pili kutoka kwangu alilala bibi mmoja wa Igurwa aliyeungua mkono. Msichana wangu alipofika kwenye mlango wa mfalme, bibi alinyanyuka kitandani.

"Asiingie! Kwanza aulize nyumba ni ya nani."

"Aingie," alisema mama mwingine, mke wa mfugaji, aliyevunjika nyonga. "Ametembea kote huko ili asimame mlangoni?"

Wakabishana mpaka muuguzi akaja kuona kuna nini. Aliposikia alicheka, kisha akanipa karatasi za fomu za zamani, zilizoandikwa upande mmoja tu.

"Ziandike njia zote mbili," alisema. "Leo wasomee ya bibi, kesho ya huyu."

Nikaandika. Kila mlango ukawa na njia mbili, kila njia na mlango mwingine. Nikaweka namba juu ya kurasa: akiingia, nenda ukurasa wa tisa, akirudi, nenda wa kumi na tano. Miezi minne ilipotimia nilikuwa na bunda la karatasi lililoshonwa kwa uzi wa hospitali, na hadithi yenye miisho kumi na mmoja. Bibi wa Igurwa aliruhusiwa kabla yangu. Siku ya kuondoka alikaa kitandani kwangu, mkono umefungwa bendeji, akasema, "Nisomee mwisho wangu." Nikamsomea ule ambao msichana anarudi kwa mama yake na chumvi ya ufalme mfukoni. Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepokea haki yake.

Baadaye nilisoma uhazili Tabora, na mwanzoni mwa miaka ya tisini nikapata kazi Kayanga, katika ofisi ya mradi wa kujenga visima. Jenereta liliwashwa saa nne asubuhi na kuzimwa saa nane mchana. Kati ya saa hizo kompyuta mbili zilifanya kazi, na aliyezitunza alikuwa fundi mmoja, mtu wa Mwanza, mfupi na mpole, aliyekuwa amesomea Bulgaria. Wakati wa chakula mimi niliandika hadithi kwenye daftari. Yeye alikaa mbele ya mashine akitengeneza mchezo wake. Siku moja alinionyesha.

Kioo kilikuwa cheusi na maneno ya kijani. UKO KWENYE CHUMBA. KUNA MLANGO. UNAFANYA NINI?

Nikaandika: fungua mlango. Kikatokea chumba kingine. Nikafungua tena. Chumba kingine.

"Nani anakaa humu?" nikamuuliza.

Fundi alifikiri. "Hakuna mtu."

"Sasa mimi naingia nyumba isiyo na mtu kutafuta nini?"

Hakukasirika. Alivua miwani, akaifuta kwa shati. "Dada," alisema, "mimi najua kuiamrisha mashine. Kusimulia sijui. Hilo daftari lako lina nini?"

Hivyo ndivyo ilivyoanza. Alinifundisha kwamba mashine haijui neno lolote isipokuwa lile ulilolitia mwenyewe, kwa hiyo kabla ya hadithi tuliandika orodha ya maneno: nenda, rudi, panda, shuka, vuka, chukua, toa. Nikamwambia panakosekana salimu. Aliuliza la nini. Nikasema kwetu hakuna anayefunguliwa lango bila kusalimia; mchezaji anayefika kwa mlinzi na kuandika tu "fungua" asifunguliwe hata akikesha. Fundi alicheka, halafu siku mbili nzima akahangaika kuiingiza shikamoo ndani ya programu. Dereva wa ofisi, wa kwanza kujaribu, alikwama kwenye lango la kwanza wiki nzima. Alikuwa akitukana badala ya kusalimia.

Nchi niliyoibuni niliiita Nchi ya Ng'ombe wa Chuma. Karagwe ya kale ilikuwa na wafua chuma, na watoto wote wa kwetu wamesikia habari za ng'ombe wa chuma waliofuliwa kwa ajili ya wafalme. Katika nchi yangu ng'ombe hao walitembea na kusema, na walishika kutu mbele ya mtu mwongo. Mchunga ng'ombe mmoja alikuwa amevuka mto wa mafunjo akimfuata mtamba aliyepotea, na hakurudi. Wewe uliye mbele ya mashine ni ndugu yake mdogo. Unakwenda kumtafuta.

Mtu akisoma haya leo atashangaa kwamba sikuona nilichokuwa nikikifanya. Kweli sikuona. Nilidhani natunga.

Kwenye mto niliweka fahali wa chuma anayevusha watu mgongoni. Kabla ya kukuvusha aliuliza swali moja: unayemtafuta yu hai au amekufa? Ukijibu "hai", unashushwa kwenye njia ya vilima. Ukijibu "amekufa", unashushwa kwenye boma la wafalme waliolala. Fundi alilipenda sana swali hilo, maana neno moja liliugawa mchezo mzima. Mimi nililiona kama werevu wa kazi tu.

Ila mwisho haukuja. Kila siku fundi aliuliza, "Huyu mchunga yuko wapi mwishoni?" Kila siku nilijibu, "Bado sijafika huko." Zilipita wiki tatu.

Ndipo baba akaja Kayanga. Alikuwa ametoka Nyakahanga kuonyesha macho yake, yaliyokuwa yameanza kufanya ukungu, na alipitia ofisini kusubiri lori la kumrudisha Mabira. Nilipiga goti kumsalimu mbele ya wenzangu. Fundi akasema, "Shikamoo mzee," akamletea kiti, akakiweka mbele ya kompyuta, labda kwa sababu hapakuwa na nafasi nyingine, labda kwa kusudi.

"Hii ndiyo kazi yako?" baba aliuliza.

"Ndiyo hii, Tata. Ni hadithi. Nitakusomea kwa Kinyambo, wewe utaniambia la kufanya."

"Huyu anayekwenda kutafuta ni nani?"

"Ni wewe. Yeyote anayekaa kwenye kiti hicho."

Alisimamisha fimbo kati ya magoti yake, akaanza. Sijamwona mtu aliyecheza vizuri kama baba. Langoni alisalimia bila kuambiwa, kisha akauliza habari za mifugo ya mwenye lango. Penye njia panda alitaka kujua majani yamelala upande gani. Mambo mengine aliyoyauliza hatukuwa tumeyatia kwenye mashine, na fundi, aliyekuwa amesimama nyuma yetu, aliyaandika kwenye kiganja chake. Kwa nusu saa baba alifika mahali ambapo hakuna mtu wa ofisi aliyewahi kufika. Alifika mtoni.

Nikamsomea swali la fahali. Sauti yangu ilipofika katikati ya sentensi ndipo nikaelewa, lakini nilikuwa nimekwisha kuianza, nikaimaliza.

Jenereta lilikuwa likiunguruma nje.

"Mwambie sijui," alisema.

"Tata, inataka mojawapo. Ama hai, ama..."

"Nimesema sijui. Andika."

Nikaandika. Mashine ikajibu kama ilivyofundishwa kumjibu kila mtu: SIFAHAMU NENO HILO. JARIBU TENA.

"Inasemaje?"

Ningeweza kumdanganya. Nikamtafsiria.

"Hata huyu," baba alisema. Aliinuka, akachukua kofia yake juu ya meza. Kisha alizungumza Kinyarwanda, polepole, ili nisikose hata neno. "Miaka yote hii kila mtu ananiuliza hivyo hivyo. Mama yako. Mchungaji. Wale wa wilayani. Na sasa mwanangu umeniundia chuma nacho kiniulize."

Akatoka. Nilimfuata mpaka barabarani, lakini lori lilikuwa limeshafika. Alipanda nyuma akakaa juu ya magunia, akitazama upande mwingine.

Niliporudi ndani fundi alikuwa bado amesimama palepale. Nilimwambia kuhusu kaka, jambo ambalo sikuwa nimemwambia mtu yeyote Kayanga. Nikamwambia afute mchezo wote.

"Kufuta ni amri moja tu," alisema. "Nitakuonyesha, utafuta mwenyewe. Lakini kwanza niambie: mtu akisema sijui, fahali afanye nini?"

Nilikaa. Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Nilichukua taarifa ya zamani ya visima, nikaigeuza, nikaanza kuandika mgongoni mwake, na sikusimama mpaka jenereta lilipozimwa na kioo kikawa giza.

Niliandika kwamba fahali anapiga magoti. Anasema: "Basi panda. Asiyejua ni mzito kuliko wote niliowabeba, lakini mgongo ninao." Anakuvusha polepole, na wewe hakushushi vilimani wala kwenye boma la wafalme. Anakushusha kwenye nchi ya tatu, ambayo haikuwapo asubuhi ile. Wanaoishi huko wote wana mtu waliyempoteza njiani. Wanalima, wanafuga, wanafungishana ndoa. Hawaulizani. Unaweza kukaa humo kadiri upendavyo, na siku ukitaka kuondoka unaandika neno moja: inatosha. Hapo mchezo unakwisha, bila kukuambia mchunga yuko wapi.

"Mchezaji atakasirika," fundi alisema aliposoma.

"Akasirike."

Akafikiri kidogo, akasema, "Sawa," akaanza kuandika amri zake.

Nilikwenda nyumbani wakati wa mavuno ya kahawa. Nilibeba hadithi ile imechapwa kwenye printa ya ofisi, karatasi moja ndefu iliyokunjwakunjwa, yenye matundu pembeni. Baba aliipokea shikamoo yangu vizuri, akaniuliza habari za kazi kama vile hakuna lililotokea. Mchana, mama akimenya ndizi uani na baba akisokota kamba, niliwaambia nataka kuwasomea kitu. Baba hakusema soma, wala hakusema usisome.

Nikasoma. Nilipofika mtoni sikusimama. Nikasoma swali, nikasoma jibu la sijui, nikasoma jinsi fahali alivyopiga magoti. Mama aliacha kumenya.

"Hao wa nchi ya tatu," baba aliuliza kamba ikiwa mkononi, "umesema wanafuga?"

"Wanafuga, Tata."

"Majani yapo?"

"Yapo."

Aliendelea kusokota. Baada ya muda aliinuka akaenda kuwatazama ng'ombe, ingawa haukuwa wakati wake. Mama alifuta macho kwa mgongo wa mkono wenye utomvu wa ndizi.

Sisemi kwamba mchezo ndio uliombadilisha. Mwaka ule macho yake yalizidi kuharibika, na alikuwa hawezi tena kuwatofautisha kwa mbali ng'ombe wake na wale wa kaka. Pengine ni hilo. Pengine ni uzee tu. Lakini miezi michache baadaye alinitumia ujumbe kwa mtu wa lori kwamba nije Jumamosi, mchungaji wa kanisa atakuwepo.

Ua ulijaa. Walikuja hata wale wanne waliorudi, sasa watu wazima wenye watoto. Baba alisimama kabla ya sala. Alivaa koti, na joto lilikuwa kali.

"Sisemi amekufa," aliwaambia watu. "Sikuona kaburi, na siwezi kusema nisiloliona. Nasema nimechoka kumshikia mama yake machozi. Mwanamke huyu na alie."

Mama alilia. Alilia kilio cha miaka kumi na tano, kwa sauti ambayo sikujua anayo, na wanawake wakamshika mabegani. Baba alimchinja dume mmoja katika ng'ombe wa kaka, watu wakala. Aliishi miaka mitatu zaidi. Katika miaka hiyo alilitaja jina la kaka mara nyingi, na alilitaja kama unavyomtaja mtu, bila kuongeza kitu.

Fundi alihamia Dar es Salaam. Baada yake barabara zetu zilijaa watu waliokimbia kutoka Rwanda, wengine wakisema lugha ya baba yangu kwa matamshi yake yaleyale. Ofisi ilisimamisha visima ikafanya kazi ya kuwahudumia. Kwa mwaka mzima kompyuta nilizotungia nchi yangu nilizitumia kupiga chapa orodha za watu wanaotafuta watu: jina la anayetafuta, jina la anayetafutwa, mahali walipoachana. Mwaka huo sikubuni kitu. Nikikaa na daftari langu mchana, kila nilichoandika nilikiona kidogo.

Aliyenirudisha kwenye kazi ya kutunga ni fundi, kwa posta. Alituma diski mbili katikati ya vipande vya boksi, na barua: amepata mashine mpya, amepata vijana wanaotaka kujifunza, wanakosa hadithi. Nikaandika. Katika miaka iliyobaki ya tisini nilimtumia michezo mingine mitatu. Mmoja ulikuwa wa mji ulio ndani ya ukungu, mmoja wa mganga aliyesahau dawa zake. Wa tatu, mrefu kuliko yote, ulikuwa wa vita kati ya nyuki na wafalme. Hakuna duka lililoiuza. Ilinakiliwa diski kwa diski, ofisi kwa ofisi, kama watu wanavyopeana mbegu, na jina langu halikuwemo kwa sababu hatukufikiria kuliweka.

Kwa hiyo nilishangaa siku nilipopata barua kutoka Singida. Iliandikwa kwa kalamu, mwandiko wa mtu aliyezoea vitabu vya ofisi. Alikuwa mhasibu wa shule, mama wa watoto watano, na anwani yangu alipewa na fundi. Aliandika kwamba hanijui na anaomba radhi kunisumbua, lakini amekwama kwenye mji wa ukungu mwezi wa pili sasa. Kila mchana wenzake wanapokwenda kula yeye anabaki kuutafuta mlango. Amejaribu maneno yote anayoyajua. Kuna mlinzi pale, mwanamke kiziwi, hamjibu. Afanyeje?

Nilisoma barua hiyo mara mbili nikiwa nimesimama kwenye ngazi za posta. Kisha nikanunua bahasha palepale, nikaazima kalamu kwa karani, nikamwandikia kwamba mwanamke yule hasikii lakini anaona, kwa hiyo asiseme naye. Amkaribie, aketi karibu yake, angoje.